Sarafu Ikifunguliwa

Merle Hostetter aling'oa meno ya watu wa kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na katika muda huo wote hakuna mtu aliyembishia, maana kila aliyekaa mbele yake alikuwa na pamba mdomoni. Nadhani ndiko alikoanzia kuamini kwamba yeye hakosei. Alipostaafu akakosa watu wa kuwaambia wapanue midomo, basi akili yake yote akaihamishia kwenye sarafu moja ya shaba, nusu senti ya mwaka 1844.

Nusu senti ni nusu senti tu. Hata ilipokuwa mpya haikununua kitu cha kumfanya mtu arudi nyumbani akiimba. Lakini hii haikuwa ya sokoni. Mwaka ule kiwanda cha sarafu cha Philadelphia hakikupiga nusu senti za kutumia, kilipiga chache tu za kutazamwa. Vyuma vya kupigia vilisuguliwa mpaka vikang'aa, shaba nayo ikasuguliwa, kisha ikagongwa taratibu na kwa nguvu hadi uso wake ukawa kioo, ukiinama unaiona pua yako mwenyewe. Wenye ugonjwa huu huziita sarafu za kioo. Yaani serikali ilitengeneza pesa isiyokusudiwa kununua chochote, na tangu siku hiyo wanaume wazima hawajaacha kuinunua.

Ya Merle ilikuwa imeshageuka rangi ya kahawa, na ukiichezesha kwenye taa ilitoa ubuluu kidogo, kama shingo ya njiwa. Upande mmoja kuna uso wa mwanamke wa Uhuru, amefunga nywele na kununa kidogo, na upande wa pili taji la majani. Alimpenda mwanamke huyo. Mke wake Verna alilijua hilo na hakuona wivu, alisema afadhali huyo kuliko gofu.

Sasa, sarafu ya namna hii haikai mfukoni. Hupelekwa kwa wapimaji, watu wanaolipwa kuitazama kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai, kisha wanaifungia ndani ya kisanduku cha plastiki na kuiandikia alama. Alama ya juu kabisa ni sabini, ambayo ni ya malaika na ya sarafu zilizopigwa wiki iliyopita. Ya Merle ilipewa sitini na nne. Hilo angelivumilia kama Mkristo. Lililomshinda ni kwamba shemeji yake, Clair Umholtz, alikuwa na nusu senti ya mwaka uleule, na ya Clair ilipewa sitini na tano.

Clair alikuwa mdogo wake Verna, muuza matrekta mstaafu, mwenye tumbo la mbele na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Sarafu aliziingia kwa kumwiga Merle, na ile nusu senti aliipata kwa mjane mmoja aliyetaka trekta dogo la kukatia majani. Hakuwa na jicho, Merle alisema. Alikuwa na bahati, na bahati si elimu. Lakini kila Sikukuu ya Shukrani, familia ikiketi mbele ya bata mzinga, Clair alinyoosha mkono juu ya meza na kusema kwa sauti ya upole kabisa, "Sitini na Nne, hebu nisogezee viazi."

Mtu anaweza kusema, alama moja tu, kuna nini? Mtu huyo hajawahi kusogeza viazi kwa jina hilo mwaka baada ya mwaka.

Merle alikuwa na hoja yake. Chini ya sikio la mwanamke wa Uhuru kwenye sarafu yake kulikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele. Wapimaji, alisema, wale vijana waliolelewa na taa za ofisini, waliuona wakadhani ni mkwaruzo, wakakata alama. Kumbe haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa ufa mdogo wa shaba yenyewe, sarafu ilizaliwa nao kama mtoto anavyozaliwa na baka. Ukiuondoa huo, ya kwake iliipita ya Clair kwa kila kitu, kwa kioo, kwa rangi, hata kwa ule mnuno. Kila Jumapili baada ya kanisa alimwita Verna dirishani penye mwanga, akampa lenzi, akamwonyesha mstari ule na kumweleza upya. Verna alikuwa anaangalia, anasema, "Naona," kisha anarudi kwenye maharage yake. Merle hakujali kama kweli anaona. Alitaka tu mtu aseme anaona.

Mwaka juzi, kwenye viazi, akachoka.

"Toa yako kwenye plastiki," alimwambia Clair mbele ya watoto na wakwe. "Na mimi nitoe yangu. Tuziweke wazi, bega kwa bega, mbele ya mtu asiye na mjomba hapa."

"Shemeji, nikiivunja plastiki na alama imekwenda."

"Ndiyo. Maana sarafu yako haina miguu, inasimamishwa na kibandiko."

Wakwe wakaguna. Clair aliweka uma chini. Mtu aliyeuza matrekta maisha yake yote anaweza kuitwa mjinga akacheka, lakini hawezi kuambiwa kwamba mashine yake haitembei bila kusukumwa. Akakubali palepale, mdomo umejaa, na Verna akasema kwamba wote wawili wangefaa kuchapwa.

Mtu asiye na mjomba alipatikana New York. Jina lake Prentiss Vandermark, mwembamba, wa tai ya kipepeo, na ilisemwa kwamba ametazama sarafu za kioo nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Alikuwa anakuja mwezi wa tatu kwenye maonyesho ya Chama cha Sarafu cha Bonde la Pequea, ambacho Merle na Clair ni wanachama wake. Chama hukutana ghorofani kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, juu ya magari mekundu, na wake wa wanachama hukaa jikoni upande wa pili wa kidirisha cha kupakulia, wakikata pai ya molasi na kuwasema waume zao.

Chama kile kina kanuni nyingi ambazo hakuna anayezifuata, na moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja: sarafu ikifunguliwa, mdomo unafungwa. Si ushirikina. Ukisema neno juu ya shaba iliyo wazi, hata salamu, tone la mate usiloliona hutua juu yake, na baada ya miezi linageuka doa jeusi lisilotoka mpaka Yesu arudi. Na kulisugua ni dhambi kubwa kuliko doa lenyewe, kwa sababu sarafu iliyosuguliwa haina jina mbele ya watu hawa. Miaka ya nyuma mwanachama mmoja, marehemu sasa, alisema "Nzuri hiyo" juu ya senti ya mwenzake. Doa lilitokea puani mwa mwanamke wa Uhuru, na watu hawakuhudhuria mazishi yake kwa wingi. Kwa hiyo sarafu ikitolewa kwenye kifuniko, ukumbi mzima hunyamaza, wazee wanapumulia pembeni, na ukitaka kukohoa unatoka nje kwenye ngazi.

Siku ikafika. Merle na Clair walivivunja visanduku vyao kwa koleo, ndani ya taulo, kila mmoja akiwa amempa mwenzake kisogo. Plastiki ikalia, ikakatika. Sitini na nne haikuwa alama ya kujivunia, lakini ilikuwa alama. Sasa hakuwa na kitu ila shaba na macho yake.

Vandermark alitoa sharti moja, kwamba asijue ipi ni ya nani. Basi walitandika mahameli nyeusi juu ya sinia ya mbao ya kuzunguka, ile inayowekwa katikati ya meza ili kila mtu ajivutie chumvi, na wale mashemeji wakaweka sarafu zao, kila moja chini ya kifuniko chake, huku mgeni amegeukia ukutani. Mwenyekiti, Bi Lavonne Zook, mwalimu wa hesabu mstaafu, alishauri wabandike karatasi ndogo chini ya kitambaa, ya kuonyesha hii ya huyu na hii ya yule. Walimtazama kama amewatukana.

"Mama anahitaji karatasi kumjua mwanawe?" Merle aliuliza.

"Mimi yangu naijua kwa harufu," alisema Clair.

Bi Zook akarudisha karatasi mkobani. Alikuwa amefundisha watoto wa kiume kwa miaka mingi na hakuwa na hamu ya kuendelea.

Kisha vifuniko vikaondolewa, na kimya kikaingia. Vandermark aliinama na lenzi yake, pua imefunikwa kwa leso, akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akazungusha sinia kidogo, akatazama tena. Sinia ikazungushwa ili wanachama nao waone, mmoja mmoja, macho yametoka na mashavu yamevimba kwa pumzi waliyozuia. Ikazunguka tena kwa wale ambao hawakuridhika. Ikarudi nyuma kwa ajili ya mzee mmoja aliyekuwa amesahau miwani. Iliposimama, sarafu mbili zilikuwa zimelala pale kama mapacha, na hakuna mtu ukumbini aliyeweza kuapa ipi ilianzia wapi.

Isipokuwa Merle. Merle aliinama na lenzi, akatazama chini ya sikio la ile ya kushoto, na mstari ulikuwa pale. Moyo ukatulia.

Vandermark alichukua kijiti cha meno, akakielekeza juu ya ile ya kushoto bila kuigusa. Akainua vidole kuhesabu: sita, tena sita. Ukumbi ukatikisika bila sauti. Akaelekeza juu ya ile ya kulia: sita, na nne. Akainamisha kichwa kwa adabu, akachukua koti na kofia, akashuka ngazi kuiwahi treni yake.

Merle alihisi machozi. Sitini na sita! Ile aliyoitazama dirishani kila Jumapili, ile waliyoidharau vijana wa ofisini, imewekwa juu na mkubwa wao wote, mbele ya mashahidi, na Clair yuko hapohapo. Alifurahi waziwazi, kama mtoto. Akanyoosha mkono wenye glovu ya pamba kuichukua.

Mkono wa Clair ulikuwa umefika kabla yake.

Clair alikuwa anatabasamu tabasamu lilelile. Yeye naye alikuwa amefurahi. Aliijua sarafu yake, si ni ile nzuri? Ya kwake ndiyo siku zote ilikuwa nzuri. Merle alimshika kifundo cha mkono. Clair akaangalia mkono ule, akamwangalia Merle, na polepole tabasamu likafa.

Wahenga wanasema kimya kina mshindo mkuu, na naamini hawakuwahi kuona kimya kama kile. Wazee wawili wenye glovu nyeupe, wameinamia meza, mishipa imewasimama shingoni, na hakuna anayeweza kutamka hata herufi. Merle alijigonga kifua. Clair akajigonga chake, kwa nguvu zaidi. Merle alionyesha chini ya sikio la mwanamke, kisha akaonyesha sikio lake mwenyewe, kisha akachora mstari hewani. Clair alizungusha kidole kando ya kichwa, ishara inayojulikana duniani kote. Bi Zook aliwasogezea kalamu na leso za karatasi. Merle akaandika YANGU. Clair akaandika YANGU. Merle akaandika MSTARI CHINI YA SIKIO. Clair akaandika MWONGO, akapigia mistari miwili.

Ungesema, si waondoke wakagombane nje kama watu? Hakuna aliyethubutu. Atakayeondoka ndiye atakayeiacha. Bi Zook alileta kifuniko cha kioo azifunike, maneno yapate kusemwa, lakini wote wawili walimzuia kwa mkono mmoja mmoja, maana kila mmoja aliogopa kiganja cha mwenzake kitafanya nini chini ya kile kifuniko. Nyuma yao wanachama walikuwa wamegawanyika makundi mawili yaliyokuwa yakitishiana kwa nyusi.

Kule jikoni, Verna aliusikia ule ukimya ukirefuka. Aliweka kisu cha pai chini, akachungulia kidirishani, akamwona mume wake na mdogo wake wameshikana mikono juu ya meza kama wachumba waliokosana. Akafuta mikono kwenye aproni. Haikufutika vizuri, kulikuwa na siagi. Akapita kati ya wazee, ambao walimpisha bila kujua anakwenda kufanya nini, maana kama wangejua wangemkalia.

Aliinama juu ya sinia. Hakuomba lenzi. Alitazama moja, akatazama nyingine, kisha akaichukua ile ya kushoto kama mtu anavyookota kifungo cha shati, kwa kidole cha shahada na gumba, gumba likiwa katikati kabisa ya shavu la mwanamke wa Uhuru.

Mzee mmoja aliketi chini ghafla.

"Hii ni ya Merle," alisema Verna. Alisema kwa sauti ya kawaida, juu ya shaba iliyo wazi, na neno Merle lina mate ya kutosha. "Mstari huu hapa chini ya sikio. Ananionyesha kila Jumapili. Clair, mdogo wangu, umeshindwa, mwachie mwenzio sarafu yake mje mle pai."

Akairudisha kwenye mahameli. Na pale, juu ya kile kioo kilichotunzwa tangu enzi za farasi, palikuwa na alama ya gumba, kamili, kila mkunjo mahali pake, iking'aa kwa siagi. Kila mtu ukumbini alijua kitakachofuata. Mafuta yangeingia kwenye shaba, alama ingekuwa ya kahawia, kisha nyeusi, na ingedumu kuliko wote waliokuwamo mle. Kuisugua haiwezekani. Sitini na sita ilikuwa imeishi kwa muda wa mate kukauka.

Clair alikuwa tayari ameondoa mkono wake, upesi, kama aliyeunguzwa. Sasa wote wakamgeukia Merle.

Merle alitazama gumba lile. Hakuona kwamba mke wake, ambaye hakupenda sarafu, ndiye mtu wa kwanza katika ukumbi mzima kusimama upande wake na kusema kweli. Nasema hakuliona, lakini huenda aliliona. Alichokiona zaidi ni ile ya kulia, safi, bila doa, inayomngoja. Mtu aliyeiweka sarafu moja moyoni kwa miaka mingi alihitaji nusu dakika kuitoa.

"Si yangu," alisema.

"Merle," alisema Verna.

"Si yangu, Verna, umekosea. Yangu ni hii nyingine." Akawageukia wanachama, na akatabasamu lile tabasamu la daktari kabla ya sindano. "Mnisamehe. Mke wangu hana jicho la sarafu."

 Verna aliingiza mikono yake chini ya aproni, na uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni, uso wa mtu aliyetoa ushahidi kanisani akaambiwa alikuwa amelala. Kwenye kile kidirisha wake wengine walikuwa wameacha kukata pai. Mimi sina huruma na Merle hapa, wala siombi mtu awe nayo.

Clair naye alikuwa amekwisha kufungua mdomo aikane. Ilionekana, maneno yalikuwa yamefika menoni. Kisha akamwangalia dada yake, akaiangalia ile mikono iliyojificha, akaufunga. Akakohoa pembeni.

"Basi ni yangu," alisema. "Si nimesema tangu mwanzo? Nimeandika hapa kwa herufi kubwa. Lete, dada."

Akaitwaa, hakuvaa hata glovu, akaitia mfuko wa shati pamoja na kalamu zake, akamshika Verna bega wakaenda kula pai.

Njiani kurudi nyumbani Verna ndiye aliyeendesha. Merle aliongea habari za barabara, na mvua, na Vandermark alivyokuwa mwembamba. Ile sarafu safi alikuwa ameishika magotini ndani ya kikasha. Walipokaribia nyumbani Verna akasema bila kugeuka, "Siku zote nilikuwa naona kweli, Merle. Wewe ulidhani nasema tu?"

Merle alisema mvua inaongezeka.

Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini anayeuona msala mzuri haambiliki. Merle aliipeleka nusu senti yake mpya kwa wapimaji, nayo ikarudi ndani ya plastiki mpya. Hawakumsikiliza Vandermark na zile sita na nne zake. Waliandika sitini na tano, kama walivyoiandikia ilipokuwa ya Clair. Alama ile aliyoilalia njaa. Aliuweka msala wake huo wa plastiki juu ya meza ya jikoni, mbele ya Verna, akangoja. Verna akausogeza kidogo ili aweke sufuria. Jumapili akamwita dirishani, akampa lenzi, naye akaja, maana si mwanamke wa kununa ovyo, akainama, akatazama kwa muda wa haki.

"Sioni kitu," alisema, akarudi kwenye maharage. Akasema hivyohivyo Jumapili iliyofuata, na nyingine.

Na ile iliyokanwa? Hapa ndipo watu hawa wanaponishinda. Mwanzoni waliizungumza kwa minong'ono kama ajali ya barabarani. Kisha mmoja akataka kuiona. Kisha wengine. Gumba lilikuwa limeshaanza kugeuka kahawia, kila mkunjo wazi, ukiinama unajiona pua na gumba kwa pamoja. Vandermark alisikia habari, akaandika makala katika jarida lao akisema kwamba hajapata kuona kioo kizuri zaidi chini ya alama ya kidole, na kwamba kidole chenyewe ni uthibitisho kuwa sarafu haijawahi kusuguliwa na mtu. Akaiita, kwa herufi za mlazo, Nusu Senti ya Verna. Wenye ugonjwa huu wanaweza kuishi bila ukamilifu, bila jina hawawezi. Mara sarafu ikawa na jina, ikawa na kisa, na tajiri mmoja wa Texas aliyekuwa hajui Lancaster iko wapi akapiga simu akitaja bei isiyostahili kutajwa mbele ya watoto. Clair akamjibu kwamba lile ni gumba la dada yake, na dada hauzwi.

Hakuna aliyeomba kuiona ya Merle. Sitini na tano ziko nyingi tu.

Sikukuu ya Shukrani ikarudi. Clair aliingia na tumbo lake mbele, akamkumbatia dada yake, na kutoka mfuko wa shati akatoa kitambaa. Plastiki alikuwa amekataa kuitia tena. Akaiweka nusu senti ndani ya kisahani cha marehemu mama yao, wazi kabisa, katikati ya meza, kati ya mchuzi na mahindi. Wajukuu wakaja kutazama gumba la bibi. Mmoja aliweka gumba lake juu kupima nani mkubwa, na hakuna aliyemkataza. Verna alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Merle hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akicheka vile mezani.

"Sitini na Tano," alisema Clair akinyoosha mkono, "hebu nisogezee viazi."

Ndilo jina alilolitaka. Merle alishika bakuli la viazi, na macho yake yakashuka kwenye kisahani. Alikaa karibu kiasi kwamba lenzi angeihitaji kwa mazoea tu. Chini ya sikio la yule mwanamke, pembeni kidogo ya alama ya gumba, mstari ulikuwa pale, mwembamba kuliko unywele, ukimtazama.  Akamwangalia Verna aliyekuwa ameshika kisu cha bata mzinga, akamwangalia shemeji yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kusema kwamba amekosea. Hakutaka sarafu irudi, au labda alitaka, hata yeye hakujua. Alitaka tu ulimi wake useme, mbele yao wote, kwamba Verna aliona na yeye alimwongopea.

Akaweka bakuli chini. Akainama mbele juu ya kisahani.

"Clair," alisema. "Ile siku ya zimamoto, ile sarafu..."

"Merle," alisema Verna.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anakata paja, na hakuinua macho.

"Sarafu iko wazi, mume wangu. Funga mdomo."

Meza nzima ikanyamaza, watoto kwa wakubwa, kwa adabu ya ile kanuni waliyoijua wote. Merle alikaa hivyo kidogo, ameinama, na katika kile kioo cha kahawia aliuona mdomo wake mwenyewe ukiwa wazi, na gumba la mke wake juu yake. Akaufunga. Kisha akasogeza viazi.